Mgomba Uliovaa Kofia

Eddah Nasambu alikuwa na msumari mmoja ukutani kwake ambao haukuruhusiwa kutundikwa kitu kingine ila kofia ya mume wake. Hata mvua ikinyesha wiki nzima na nguo za watu zikikosa mahali pa kukauka, ule msumari haukuguswa. Ilikuwa kofia ya kauboi, ya rangi ya kahawia, ukingo wake umejikunja pande mbili. Walubengo aliinunua soko la Toi alipopata kazi ya lori. Jumapili asubuhi kabla ya kanisa alikuwa akiivaa, anafungulia redio muziki wa kantri, kisha anamsaidia mkewe kubeba maji huku akitembea miguu wazi kama mtu ameshuka kutoka kwa farasi. Farasi mwenyewe hakuwahi hata kumgusa.

Nawajua kwa sababu tulikuwa majirani Soweto West, hapa Kibera, ukuta wa mabati mmoja kati yetu. Mimi nauza mboga Silanga, karibu na bwawa. Nasambu hufua nguo za watu. Asubuhi huketi kando ya barabara na wamama wengine, beseni likiwa magotini, akingoja mtu wa zile nyumba kubwa aseme, "Wewe, kuja." Vidole vyake vimekauka kwa sabuni. Lakini akiimba, unasahau vidole.

Walubengo alikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori ya kwenda Juba. Siku ile ya mwisho lori lilikuwa linamngoja, na Nasambu akamshika mkono wa shati ili amuage vizuri. Mimi nilikuwa mlangoni mwangu nachambua mboga, nikaona. Walubengo akacheka.

"Wacha hiyo, Mama Phanuel. Watu huagana na wageni."

Akavua kofia, akaitundika kwa ule msumari. "Hii isipigwe na vumbi ya Juba," akasema, akaenda kichwa wazi.

Vita vikatokea huko. Simu yake ikazima. Dereva hakurudi, lori halikurudi, na hakuna mtu aliyekuja kusema nimemwona akiwa hai ama nimemwona akiwa maiti. Nasambu alienda ofisi hii, ikamtuma kwa ile. Mwisho hata wao wakachoka kumwona. Phanuel, mtoto wake wa pekee, alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Leo ana ndevu na anachomelea madirisha na milango ya chuma Kawangware.

Halafu barabara ikapita Kibera. Nyumba zetu zikawekwa alama, ya Nasambu ikaangushwa, yangu ikabaki kwa neema ya Mungu. Siku ya kuhama alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Mama Adero, mimi naenda Kawangware 46, nyuma ya ile posho mill ya kusaga mahindi. Walubengo akija atakuja hapa, ndipo anapojua. Wewe usihame. Ukihama, mwachie mtu ujumbe."

Nikamwambia sitahama. Na sikuhama, hata binti yangu Adero alipopata kazi akataka nimfuate Rongai. Na kila Jumapili tukikutana kanisani Kawangware, salamu yake ya kwanza ilikuwa hiyo moja: "Hakuna mtu amepita?"

"Bado, mama."

"Haya. Mungu hajalala."

Tukaishi hivyo. Kofia kwa msumari wa nyumba mpya, ujumbe kwangu.

Sasa mwaka jana, binti wa mzee mmoja wa kanisa, anaitwa Lavender, alimaliza chuo alikokuwa anasoma mambo ya maigizo. Huyu msichana amezaliwa hapa hapa Nairobi, ushago, yaani kijijini kwao, anaujua wa Krismasi tu. Alikuja kwa mkutano wa wamama na kompyuta yake, akatuonyesha mchezo wa Amerika. Wanawake wako jukwaani, wamevaa magauni marefu, nyuma yao kuna magitaa na fidla, na kila mmoja anaimba maisha yake kwa mtindo wa kantri. Lavender akatuambia hao ni wanawake wa Kusini.

"Kusini gani?" Mama mmoja akauliza, akitaja mitaa ya hapa Nairobi. "Sauzi B ama Sauzi C?"

Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

"Kusini ya Amerika, mama," Lavender akasema. "Huyu anaimba vile alifanya kazi kwa kiwanda cha nguo tangu akiwa mtoto. Huyu bwana yake alikuwa mlevi. Huyu wa mwisho amebaki na shamba na watoto, bwana ameenda."

Kuna mmoja akasema pole pole, "Kumbe hata wao." Na mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Tangu utoto nasikia kantri kwa redio, nikidhani ni nyimbo za watu walioshiba.

Lavender akataka tufanye wetu. Siyo kuiga ule wa Amerika, ila kila mama atoe maisha yake, yeye na Muia wayatengenezee wimbo, na mchezo upelekwe ukumbi wa Silanga watu wa Kibera waone. Muia ni Mkamba, fundi wa viatu, anayepiga gitaa la kantri kama amezaliwa nalo. Fidla hatukuwa nayo, lakini kulikuwa na mzee wa Gatwekera, hapa Kibera, wa orutu, lile zeze la Wajaluo, na ule uzi mmoja wa orutu ukilia pamoja na gitaa la Muia, nakwambia hata mchungaji alitoka ofisini akasimama mlangoni.

Mimi nilitoa maisha yangu ya mboga. Wengine wakatoa ya ndoa, ya kuuza pombe ya chang'aa kabla ya kuokoka, ya kulea wajukuu wasio na wazazi. Nasambu alitoa ya mume aliyeenda na lori. Lavender alilia akiandika. Wimbo wa Nasambu ndio uliwekwa mwisho kabisa, mahali pa heshima.

Ulianza hivi:

*Uliacha kofia, hukuacha kwaheri,*
*nimeilinda na vumbi, nimeilinda na jua.*

Halafu ukafika kwa mstari huu: *Mume wangu amekufa, nami ndiye mjane.* Na hapo Nasambu hakuimba. Alifunga mdomo akatoa sauti tu, mmm mmm mmm, tuni yote kamili, kisha akafungua tena mstari unaofuata.

"Mathe, umesahau maneno?" Muia akamuuliza.

"Sijasahau."

"Basi imba. Hapo ndipo watu watatoa leso."

"Watoe kwa mengine."

Lavender akajaribu kwa upole. "Mama Phanuel, ni mchezo tu. Si wewe unasema, ni yule mama wa jukwaani anasema."

"Huyo mama wa jukwaani ana mdomo wa nani?" Nasambu akamuuliza.

Tulikuwa tunamwelewa, sisi tulio wakubwa. Kwa Wabukusu kama Nasambu, na hata kwetu Wajaluo, huwezi kumlilia mtu aliye hai. Ukijiita mjane wake, ni kama umefunga barabara na yeye yuko njiani. Basi mazoezi yote yakaenda na ule mstari ukiwa mmm mmm mmm. Lavender akasema moyoni mwake, siku yenyewe ikifika atauimba.

Nyumbani nako hakukuwa na amani, na sababu ilikuwa hiyo hiyo. Phanuel alikuwa na msichana, wamepatana vizuri, wazazi wa msichana wanangoja ng'ombe wa mahari. Nicanor, kaka mkubwa wa Walubengo, yuko kwao Kimilili. Alikuwa ameshasema wazi: ng'ombe hawezi kutoka kwa boma ambalo baba hajulikani kama yuko hai au amekufa. Kwanza jambo la Walubengo limalizwe kama desturi inavyotaka. Na desturi ni hii: mtu akipotea na mwili wake usionekane, ukoo hukata shina la mgomba, hulivisha shuka na kitu chake alichovaa, hulilia, hulizika. Kwetu Wajaluo, kule ziwani, huzikwa tunda la mti wa yago. Likishazikwa, limezikwa. Mjane ni mjane, na watoto wanaendelea na maisha.

Kila mara Nicanor alipopiga simu, Nasambu alimjibu, "Mkizika mgomba na mwenyewe afike kesho, mtamwambia nini? Kwamba hamkuwa na subira?"

Ikafika Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, ya kuvaa nguo na kupanga jukwaa. Nasambu alikuwa na kibarua cha kufua, akachelewa. Sisi wengine tulikuwa nyuma tunafungana vitambaa. Lavender na Muia ndio walikuwa wanapanga mbele.

Mnajua vile msichana wa mjini anaweza kusikia jambo akalipenda bila kulijua. Wiki moja kabla, mama mmoja alikuwa amemsimulia Lavender habari za mgomba. Lavender akaona hapo kuna picha nzuri ya mwisho. Akaenda Silanga, kwa mashamba ya kando ya bwawa, akakatiwa shina la urefu wa mtu. Alipokutana na Phanuel akamwomba, "Nisaidie na ile kofia ya kauboi yenu, ni ya mchezo." Phanuel naye akaitoa kwa msumari asubuhi hiyo, mama yake akiwa ameenda kufua, akidhani itavaliwa na Muia. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nasambu aliingia na beseni lake. Nilimsikia akisalimia kwa sauti, "Wapendwa, nisameheni, huyo mama alikuwa na mashuka…" Halafu akanyamaza. Nikatoka kuangalia.

Mbele ya jukwaa, juu ya benchi mbili zilizounganishwa, mgomba ulikuwa umelala umefungwa shuka jeupe mpaka shingoni. Na kichwani ulikuwa umevaa kofia ya Walubengo.

Beseni lilianguka. Nasambu hakupiga kelele. Alisimama tu, akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Nani amemzika mume wangu?"

"Mama, ni ya mchezo," Lavender akasema, na uso wake ulikuwa umeanza kuelewa. "Ni kitu ya jukwaa. Pole. Mimi nilidhani…"

Lakini wamama wote wa Magharibi na wa ziwani walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Mmoja akaanza kuomba kwa kunong'ona. Nasambu akageuka, akatoka. Akaacha beseni pale pale.

"Sasa," Muia akasema, "hii tunatupa wapi? Kuna jamaa ana ng'ombe hapo nyuma, anaweza kuwapatia."

"Usiguse!" tulisema karibu wote pamoja.

"Kwani? Si ni mgomba?"

Nikamweleza. Mgomba ukishakatwa, ukafungwa shuka, ukavishwa kitu cha mtu kwa jina lake, si mgomba tena wa kutupwa. Hauwezi kupewa ng'ombe. Hauwezi kurudishwa shambani. Ukiutupa ni kama umetupa maiti, na wazee husema nyumba hiyo itatafutiwa mwingine wa kujaza nafasi.

Muia alitazama shuka lile, akavua kofia yake mwenyewe. "Aki nyinyi watu," akasema, lakini bila mzaha. Wakaubeba yeye na Phanuel, aliyekuwa ameitwa mbio, wakauweka stoo ya kanisa kati ya viti vibovu na vyombo vya harusi. Na kofia juu yake. Hata kuitoa, nani angeitoa?

Nilienda kwa Nasambu jioni hiyo kabla ya kurudi Kibera. Nilipofika nyuma ya posho mill niliwasikia kabla ya kuwaona.

"Ulijua!" alikuwa anamwambia mwanawe. "Wewe na Nicanor. Mlitaka nishtukie tu."

"Mama, naapa sikujua. Aliniambia ni kofia tu anataka."

"Na ng'ombe zako? Hujafurahi?"

Phanuel akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kaptura, "Mimi nimechoka, mama. Nimechoka kuwa mtoto wa mtu ambaye hakufa na hayuko. Wengine wanajua. Ama wana baba, ama wana kaburi. Mimi nina kofia."

Niligonga, nikaingia. Msumari ulikuwa mtupu, na Nasambu alikuwa ameketi akiupa mgongo. Tukaomba. Nikamwomba Mungu ampe Nasambu neno.

Nicanor alipigiwa simu na Phanuel kesho yake. Alisikiliza yote, akaguna. "Huo umeshavishwa," akasema. "Hatukati mwingine. Ni huo. Lakini mwenye kuuleta ni mkewe. Sisi hatuji kumpokonya mtu mume wake."

Basi jambo likawa kwa mikono ya Nasambu. Akisema ni mgomba tu, anakana kile alichokiona kwa macho yake, na Phanuel anabaki vile alivyo. Akiubeba, amekubali. Hakufanya hili wala lile. Alirudi kuketi kando ya barabara akingoja nguo za watu. Mazoezi hakuja. Lavender alikuwa anapita kwake akilia, akiambiwa, "Mtoto wangu, wewe huna kosa, nenda ukale."

Wengine kanisani walikuwa wanangoja mchungaji akemee. Kuna waliosema hayo ni mambo ya giza, mgomba uchomwe. Mchungaji aliwasikiliza, akasema, "Mimi mambo ya migomba siyajui. Ila nimekuwa na huyu mama miaka hii yote, na sijawahi kumwona akilia. Mnajua mtu wa kufiwa asiyeruhusiwa kulia? Wacheni mambo ya kuchoma."

Siku zikapita. Mgomba ni maji matupu, haukai. Alhamisi nilienda stoo na Nasambu. Yeye ndiye aliniita. Alisema anataka kuchukua kofia tu, airudishe kwa msumari, na hilo litakuwa limeisha.

Tulipofungua mlango, harufu ilitupokea. Haikuwa mbaya sana, ilikuwa harufu ya shamba baada ya mafuriko. Shina lilikuwa limelainika na kulegea katikati. Utomvu ulikuwa umepita kwenye shuka ukaacha madoa meusi, na umepanda mpaka ukingo wa kofia. Inzi wawili watatu walikuwa wanazunguka. Juu ya miguu, yaani pale miguu ingekuwa, mtu alikuwa ameweka kiti kilichovunjika.

Nasambu alitoa kile kiti kwanza. Akakiweka chini taratibu. Akafukuza inzi kwa leso. Halafu akaanza kupangusa madoa ya ukingo wa kofia, na kadiri alivyopangusa ndivyo yalivyoenea, kwa maana utomvu wa ndizi hautoki, yeye mfuaji wa nguo anajua kuliko mtu yeyote. Akaendelea tu.

"Mama Adero," akasema, "huko Juba, kama alianguka kwa barabara… Ni nani alimfukuzia inzi?"

Nikapunga mkono kumfukuza inzi mmoja aliyerudi, naye akaendelea.

"Mimi nilikuwa nafikiria yuko njiani. Sikuwahi kufikiria kwamba labda amelala mahali, anaoza, na hakuna mtu wa kumfunika. Ni mimi nimekataa afunikwe." Akavuta shuka, akalinyoosha mpaka likawa sawa pande zote. "Ona sasa anaozea stoo. Kama mtu hana kwao."

Ndipo alipolia. Nilikuwa nimengoja kilio hicho miaka mingi, na kilipotoka hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kidogo, cha mtu anayeogopa kuamsha mwenye nyumba. Nilimshika mabega. Alipomaliza alifuta uso na ile leso, akasema, "Mwambie Phanuel atafute gari."

Tulienda na basi la Kimilili. Niliandamana nao, kwa sababu mtu haendi kuzika peke yake. Phanuel na Muia walileta mgomba umefungwa kwa blanketi juu ya shuka, na kondakta, kijana mwenye maneno, akaanza.

"Niaje buda, mnabeba mgomba mpaka Kimilili? Kwani huko zimeisha? Ni kama kupeleka samaki Kisumu!"

Watu wakacheka. Dereva, mzee wa huko huko Magharibi, akageuza kichwa. Akaona blanketi. Akaona kofia kwenye magoti ya Nasambu. Akazima injini.

"Wewe nyamaza," akamwambia kondakta. Akashuka mwenyewe, akawaonyesha mahali. "Laza hapa. Kichwa kitangulie."

Kondakta hakusema neno lingine mpaka Eldoret.

Sitaandika mambo yote ya Kimilili, mengine ni ya wenyewe. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la baba yake Walubengo. Nicanor alisimama kwenye ukingo akaita jina la ndugu yake kwa sauti kubwa kuelekea kaskazini, akaambia hewa kwamba kama yuko mahali na anasikia, aitike sasa. Tulingoja. Jogoo aliwika kwa boma la jirani, na mtoto akaambiwa na mama yake anyamaze. Nasambu alikuwa ameinua uso kabisa, kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akainamisha kichwa mwenyewe, kabla Nicanor hajasema lolote. Akaweka kofia juu ya shuka kwa mikono yake.

"Sasa nakuaga," akasema. "Uliniambia watu huagana na wageni. Basi umekuwa mgeni wetu."

Wakafukia. Katekista akaomba. Siku ya kunyoa wafiwa ilipofika, shemeji zake walimnyoa nywele zote, na tukarudi Nairobi.

Lavender alikuwa ameshaamua kuuondoa wimbo wa mwisho. Nasambu alimkatalia. "Uache mahali pake," akasema. "Lakini jukwaani usiweke kitu. Niache peke yangu."

Siku ya mchezo ukumbi wa Silanga ulijaa mpaka vijana wakakaa madirishani. Watu walicheka kwa wimbo wangu wa mboga, nikaona aibu nikafurahi, kisha nikashuka kukaa kati ya watu. Walimpigia makofi yule wa chang'aa. Mwisho taa za mbele zikapunguzwa, na Nasambu akatoka na gauni lake jeusi na kichwa cheupe kisicho na unywele. Nikasikia msichana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake:

"Aki huyu mathe! Ati amenyoa kipara juu ya play? Hiyo ni kujitolea."

"Huyo ni aktresi, wewe. Hao huwa hivyo."

Nikaacha. Ningegeuka niseme nini?

Muia akapiga gitaa, orutu ikaingia. Nasambu akaimba kofia na kwaheri, vumbi na jua. Alipofika pale, nilishika kiti. Muia naye akapunguza mkono, nadhani kwa mazoea, ili ile mmm mmm mmm ipate nafasi.

*Mume wangu amekufa,* Nasambu akaimba, neno kwa neno, wazi, macho yakiwa juu ya watu, *nami ndiye mjane.*

Phanuel alikuwa amesimama mlangoni na msichana wake. Aliinamisha kichwa, msichana akamshika mkono. Wimbo ulipoisha wakapiga makofi wote.

Tulipotoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amefunga leso kichwani kwa sababu ya baridi. Nilikuwa nangoja aniulize kama kawaida, hakuniuliza. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, vile vile kama siku ile ya kuhama.

"Mama Adero, ule ujumbe niliokupa."

"Ninao."

"Uweke chini sasa. Umebeba ya kutosha." Akafikiria kidogo. "Na Adero akikuita tena Rongai, enda."